Ghorofa ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana hati miliki. Mjomba wangu hana. Ndiyo maana mjomba ameshajenga na baba mkwe bado anafuatilia karatasi.

Baba mkwe yuko Kawangware, Nairobi, mwendo mfupi kutoka steji ya 46, kwenye ploti aliyoachiwa na babake: vyumba vya mbao na mabati, safu mbili zinazotazamana, bomba katikati, kamba za nguo juu ya bomba, vyoo kule mwisho. Mjomba yuko Kibera, kijiji cha Lindi, na vyumba vyake vya udongo na mabati vimesimama juu ya ardhi ya serikali, ambayo ndiyo habari ya sehemu kubwa ya Kibera. Mimi sina ardhi popote. Nina shahada na nina mke, na kwa sababu ya viwili hivyo wazee wote wawili wamenifanya karani wao.

Baba mkwe aliponiita alikuwa ameshakata shauri. Majirani zake wamepanda ghorofa sita, wengine saba, na roshani zimekaribiana hivi kwamba mama wa upande huu humpitishia mwenzake chumvi bila kuteremka ngazi. Yeye alitaka nne tu. Lakini alizitaka kwa njia halali, kwanza kwa kuwa ni mzee wa kanisa, na pili kwa kuwa hajausahau mkasa wa mtaa wa Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikimwagika, jumba la ghorofa sita liliporomoka kando ya mto na watu wapatao 50 wakafa. Baadaye ikajulikana kwamba halikuwa na kibali. Mpaka leo baba mkwe akipita mbele ya jengo lililopigwa X nyekundu ya kubomolewa huvuka barabara.

"Mkwe," akaniambia, "wewe umesoma. Nenda kaunti ukaulize wanataka nini."

Walitaka, kwanza kabisa, mwenye ploti. Hati yetu ni halali, mhuri upo, namba ipo, Dagoretti halafu Riruta halafu tarakimu. Kasoro ni kwamba imeandikwa jina la babu, babake baba mkwe, na babu alishazikwa zamani. Kwenye vitabu mzee yuko hai na ni buheri wa afya, ila ana deni la kodi ya ardhi. Barua za kumkumbusha hufika kwa jina lake, na mama mkwe huzihifadhi zote kwenye bati la biskuti kwa sababu, asema, si vizuri kutupa barua za watu.

Basi ikabidi tumfishe babu rasmi. Kesi ya urithi inataka barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha ungoje miezi sita ndipo mahakama ithibitishe. Hiyo barua ya chifu ndiyo iliyotufumbua macho. Kabla yake tulikuwa familia ndogo yenye mapenzi. Baada yake alifika shangazi wa mke wangu kutoka Kinangop, mkononi amebeba kabichi mbili na kwapani Sheria ya Urithi, ambayo haimbagui binti, awe ameolewa au hajaolewa, na vifungu vyake alivijua kuliko Zaburi. Kikao kikakaa, chai ikanywewa, sauti zikapanda na kushuka. Ikaamuliwa kwamba shangazi atapewa duka moja chini, upande wa barabara, maisha yake yote. Kwa hiyo ghorofa ya baba mkwe ilipata mwenye duka kabla ya kupata msingi.

Katika ile miezi sita ya kungoja, mjomba alijenga.

Nasema alijenga kwa sababu nilikuwepo. Yeye mwenyewe hakubali neno hilo. Kibera hujengi, unarekebisha. Unakwenda kwa mzee wa kijiji unamwambia paa linavuja. Mzee anakuja, anatazama juu, anakiri kwamba linavuja, maana Lindi hakuna paa lisilovuja. Mnaandamana hadi kwa chifu, chifu anasikiliza, anasema haya, rekebisha. Ijumaa jioni fundi anafika na misumari mdomoni. Jumapili watu wakitoka kanisani wanakuta paa limerekebishwa, na chini ya paa wameongezeka vyumba viwili, futi 10 kwa 10 kila kimoja, na cha pili kina mpangaji anayepanga sufuria.

Plani niliiona kwa macho yangu. Fundi aliichora kwa kisigino cha gambuti kwenye tope, sisi tumezunguka tunatikisa vichwa. Hapa ukuta, hapa ukuta, hapa mlango. Kuku wa jirani akakatiza katikati ya mchoro na kufuta pembe moja. Fundi alizitazama nyayo zake, akafikiri, akasema, "Hapa ndipo pazuri zaidi," na mlango ukahamia pale. Ofisi nzima ya upangaji ilikuwa mtu mmoja, gambuti moja na kuku, na maombi yalipitishwa papo hapo.

Nilimsimulia baba mkwe kisa hiki nikidhani atacheka. Aliguna tu, akauliza mahakama imesema nini.

Mahakama ilithibitisha. Sasa ploti ni yake na ndugu zake, na tukaingia darasa la pili, ambako tuliambiwa ploti yetu ni shamba. Mtu yeyote aliyefika Kawangware atashangaa. Upande wa kushoto kwetu kuna saluni, kulia wanakaanga chipsi, nyuma kuna kanisa lenye spika nne. Lakini karatasi haidanganyi, ina kumbukumbu ndefu tu. Hati za Dagoretti zina mizizi katika ule ugawaji upya wa mashamba ya Wakikuyu miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, Dagoretti ikiwa bado sehemu ya Kiambu. Uhuru ulipokuja mipaka ya Nairobi ikapanuliwa, na jiji likawakuta watu wa huku na migomba yao. Migomba ikaondoka, wapangaji wakaja, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuiarifu karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuomba kujenga, lazima uombe kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka kilimo hadi makazi. Sisi tumekuwa tukivuna kodi ya nyumba kila tarehe 5 ya mwezi kwa miaka na mikaka, ila kisheria tulipaswa kuvuna viazi.

Maombi ya namna hiyo hayafanywi gizani. Unalipia tangazo gazetini, na unapigilia jingine kwenye ploti, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mtaalamu wa mipango ya miji tuliyemlipa akatuandikia bango zuri jeupe, tukalipigilia langoni asubuhi. Kufikia jioni ploti nzima ilishajua kwamba inauzwa kwa mnada. Wapangaji watatu waligoma kulipa kodi kwa hoja kwamba huwezi kumlipa mtu anayekufukuza. Dalali mmoja alifika na wanunuzi wawili, akawatembeza hadi kwenye vyoo, akawahakikishia kwamba mwenyewe ni rafiki yake wa utotoni, huku mwenyewe amesimama hapo na fagio.

Siku zilizofuata bango likapata majirani. Kwanza lilibandikwa tangazo la chumba cha kupanga. Juu yake likaja la shule ya udereva. Hatimaye, likifunika nusu nzima ya maombi yetu, likaja la mganga kutoka Tanga, arudishaye wapenzi waliopotea, aongezaye nguvu, na, kwa herufi kubwa, amalizaye kesi za mashamba. Mzee wa kanisa alisimama mbele ya mstari huo wa mwisho muda mrefu kuliko inavyostahili.

Ushahidi wa picha unahitajika ili ionekane kwamba tangazo liliwekwa. Nikapiga picha. Tangazo la mganga halikubanduka bila kulichana bango letu, kwa hiyo faili yetu ina picha ambayo mganga anaonekana wazi na baba mkwe anaonekana nusu. Hakuna aliyeleta pingamizi. Sijui kama ni kwa kuturidhia au kwa kumwogopa mganga.

Matumizi yakabadilishwa. Ndipo akaja msanifu majengo.

Kijana ni hodari, simtilii shaka, na ameandikishwa, maana bila msanifu na mhandisi walioandikishwa hakuna anayeipokea michoro yako. Lakini nilijua mambo yameharibika alipoifungua kompyuta yake juu ya meza ya mama mkwe na jengo likatokea likiwa limezungukwa na minazi. Mbele ya jengo palikuwa na magari manne yanayong'aa. Kati ya magari alipita mwanamke wa kizungu, amevaa miwani ya jua, anamvuta mbwa mweupe kwa kamba.

Baba mkwe alisogeza miwani yake. "Huyu ni nani?"

"Ni wa kuonyesha ukubwa tu, mzee."

"Atakaa chumba gani?"

"Hatakaa, mzee."

"Basi mbwa atafunga njia ya maji. Mtoe."

Kijana akaeleza kwamba hao huja na programu. Kisha akaeleza mengine, na hapo ndipo chai ilipoanza kupoa. Jengo lazima lirudi nyuma kutoka mpakani, hewa ipite. Kipande cha mbele lazima kiachiwe barabara, na hilo likala nusu ya duka la shangazi, jambo ambalo tulikubaliana lisifike Kinangop kwa simu. Tena lazima kuwe na maegesho. Baba mkwe alihesabu kwa vidole wapangaji wake wenye magari na hakuhitaji kidole. Mmoja ana mkokoteni. Wawili ni wa bodaboda, na pikipiki zao hulala nao chumbani, kando ya kitanda, kwa usalama. Lakini mchoro unataka gari, na gari linataka nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa vyumba viwili. Mimi naamini kanuni hizo zina maana. Aliyelala chumba kisicho na dirisha, ukuta wa jirani umebana mlango, hahitaji kuhubiriwa kuhusu hewa. Ila zinapokutana na ploti ya Kawangware iliyogawanywa na babu, baba na mahakama, kinachobaki katikati ni ngazi.

Tukapakia kila kitu mtandaoni kupitia saiba ya mtaani, ambako kijana wa pale, akiona ukubwa wa mafaili, alituuliza kama tunajenga uwanja wa ndege. Halafu tukangoja. Na katika kungoja huko baba mkwe aliletewa na mtoto wa kanisani habari iliyomrudishia ujana. Sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema ukiomba kibali na usijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, ichukuliwe kwamba umepewa.

Alitundika kalenda ukutani akaanza kukata siku kwa kalamu nyekundu. Alinipiga marufuku kuulizia faili. "Usiwaamshe," alisema kwa kunong'ona, ingawa ofisi iko mjini na sisi tuko Kawangware. Mke wangu alipotaja neno kaunti mezani alinyamazishwa. Zilipobaki siku za kuhesabika, jibu likaja. Lilikuwa na adabu, lilitaka madirisha mawili zaidi kwenye ngazi, na lilirudisha kalenda mwanzo.

Wazee hawa wawili walikutana kwenye ubatizo wa mtoto wetu, na mimi nikawakalisha pamoja kwa heshima. Hawakufika mbali kabla ya kuingia kwenye vibali. Mjomba aliuliza ukijenga bila hicho kibali inakuwaje. Nikamwambia inavyosema sheria ileile ya 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote.

"Miezi miwili?" Mjomba aliweka kikombe chini. "Mzee mwenzangu, hii kazi umeifuatilia tangu lini? Si ungefungwa, ungekula ya serikali, ungetoka, leo uko ghorofa ya pili unapiga plasta?"

"Na wakibomoa?"

"Mimi walibomoa na hawakunifunga."

Hilo lilikuwa kweli. Julai 2018, ilipokuwa inafunguliwa barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, tingatinga lilipita katikati ya Kibera na vyumba vyake vitatu vikaenda na asubuhi hiyo. Hakuna aliyemuuliza chifu alisema nini kuhusu paa. Mjomba alichota mabati yaliyonyooka, akauza yaliyopinda, akaanza tena hatua chache pembeni. Baba mkwe, aliyekuwa amejiandaa kuhubiri, alimmiminia chai.

"Lakini karatasi," alisema baadaye kwa upole, "karatasi inafika tu."

"Inafika," mjomba akakubali. "Wanubi walikuja Kibera na jeshi la Mwingereza mwaka 1904. Wakangoja. Hati ya ekari zao 288 wakakabidhiwa 2017. Wewe bado kijana."

Kisha akaomba aione hiyo plani inayosumbua watu. Mama mkwe akaileta, imechapishwa kwa rangi, karatasi kubwa. Mjomba aliikunjua, akanyamaza, akaifuata kwa kidole kutoka minazi hadi magari, akafika kwa yule mwanamke na mbwa wake, akaomba nakala moja. Nilidhani ni adabu ya mgeni.

Wiki iliyofuata nilipita Lindi. Nakala imetiwa plastiki na kupigiliwa ndani ya chumba kile chenye mlango wa kuku, mahali ambapo mwingine angetundika kalenda. Mtu akija kutafuta nyumba huonyeshwa mchoro kwanza, halafu chumba. Mjomba hasemi kwamba ni yake. Hasemi kwamba si yake. Anasema tu kwamba marekebisho yanaendelea, na kodi imepanda kwa shilingi mia tano.