Hotuba ya Kumsifu Chura Mwenye Sumu

Mgeni rasmi wetu ana urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo mlioketi nyuma mtavumilia. Wataalamu walimpa jina mwaka 2006, Melanophryniscus admirabilis, jina refu kuliko mwenyewe. Makazi yake yanayojulikana ni kipande kifupi cha Mto Forqueta, jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili. Hana kwingine.

Tuanze na mavazi. Mgongo ni wa kijani, umejaa vivimbe; tumboni ana wekundu, na viganja vimekolea kama vya bi harusi aliyetoka kupakwa hina. Ukimsumbua, hakimbii. Anapinda mgongo, anainua mikono na miguu, anakuonyesha viganja hivyo. Wapo watakaosema hana adabu. Mimi naona ni muungwana anayekuonya mapema, maana ngozi yake ina sumu. Tena sumu yenyewe si jasho lake: vyura wa jamii yake huipata kwa kula sisimizi na utitiri, kisha wakaihifadhi kwenye tezi za ngozi. Nani mwingine hula sumu za watu akanawiri, kisha akaogopwa kwa mali isiyo yake? (Msitaje majina.)

Kazi hafanyi. Mvua kubwa ikinyesha, huenda na wenzake kwenye vidimbwi vya miambani kando ya mto, wakapandana, wakataga mayai, wakatawanyika. Mkutano wa ajenda moja, usio na posho.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu hawakumjua. Mwaka 2014 mamlaka ya mazingira ya jimbo ilikataa kutoa kibali cha mradi wa umeme wa maji uliopangwa karibu na makazi yake. Michoro na hesabu za wakubwa zikakwama kwa ajili ya kiumbe anayeenea kwenye kijiko, na ambaye hakuhudhuria kikao hata kimoja.

Sisi Watanzania tulikuwa na wetu, chura wa Kihansi, mdogo zaidi na mpole, anayezaa watoto badala ya kutaga. Alionekana mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umeshaanza. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea yakapungua mno, ugonjwa wa kuvu nao ukamkuta. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati nzuri 499 walikuwa wameshapelekwa Marekani, na kizazi chao kikaanza kurudishwa porini mwaka 2012. Kosa lake halikuwa upole. Alichelewa kujulikana.

Mheshimiwa wa Forqueta sasa anawindwa na walanguzi wa wanyama, kwa sababu ya uzuri uleule niliousifu. Ukimkuta anauzwa kwenye chupa, usinunue. Na kama umeshamshika, nawa mikono kabla ya kujifikicha macho.