Jifunze Kijapani kwa Canter: Mwongozo wa Vigwaza

Ukikaa Vigwaza, huna haja ya nauli ya Tokyo. Mwalimu wako anapita barabara ya Morogoro kila siku, amepakia nanasi au magunia ya mkaa. Ni Canter au Fuso iliyofanya kazi Japani miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yao yanatufaa, na yanapokuja huja na sauti zake.

Anza kwa kutafuta mahali magari yanaporudi nyuma. Jirani na mzani wa magari panafaa sana. Dereva akiweka rivasi, dada asiyeonekana anatamka: "Bakku shimasu. Go-chuui kudasai." Narudi nyuma, tafadhali muwe waangalifu. Siku moja nilimtazama mama muuza machungwa pale. Aliposikia "bakku", alivuta ndoo, akavuta kigoda, akaendelea kumenya bila kugeuza shingo. Taniboi alikuwa bado hajaanza kugonga bodi na kupaza "njoo, njoo, njoo!" Kwangu mimi mama huyo ameshamaliza somo la kwanza.

Sasa chukua neno moja tu, kudasai, uende nalo nyumbani. Ni neno la kuombea. Mizu o kudasai, naomba maji. Matte kudasai, subiri tafadhali. Adabu ya kuanzia unayo tayari.

Somo la pili liko kwenye Noah na IST. Ukiwasha gari, dada mwingine anasema "kaado ga soonyuu sarete imasen". Si salamu, usimwitikie. Anasema kadi haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao, mfumo ulioanza kutumika kwa watu wote mwaka 2001. Sikiliza hiyo kaado. Wajapani wakiazima neno hulimalizia vokali, kama tufanyavyo sisi: basi kwao ni basu, hoteli ni hoteru. Vokali ni zilezile tano. Angalia urefu tu, na anayetofautisha kufa na kufaa hatashindwa. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Ukimwita shangazi wa watu bibi, chai utaisikia kwa jirani.

Tukifika kwenye hisia, turudi mzanini. Magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 lazima yapimwe, na hakuna darasa la hisia linaloshinda uso wa dereva anayesubiri kipimo. Ana shinpai, wasiwasi. Kipimo kikikubali, yokatta! Afadhali! Kikikataa, komatta, hapo ameshikika. Ureshii ni furaha, kanashii ni huzuni, na sabishii ni ule upweke wa mtu aliyeacha watoto Tunduma na leo analala chini ya turubai. Kwa hisia zako mwenyewe, neno hilo moja linatosha. Sema ureshii, tumeshakuelewa kwamba umefurahi wewe.

Kwa hisia za mwenzako, subiri kidogo. Humsemei ureshii hivihivi. Unasema ureshisoo, anaonekana amefurahi, kwa sababu moyoni mwake hukuingia. Sisi tuna methali kwamba moyo wa mtu ni msitu wa giza. Wao wameuweka msitu huo ndani ya sarufi. Nalipenda jambo hili kuliko yote katika Kijapani, na ningependa watoto wetu walijue mapema.

Usiogope kwamba utaiacha pole yako Vigwaza. Mgonjwa utamwambia odaiji ni, ugua pole. Ukiingia nyumbani kwa mtu sema ojama shimasu, nawasumbua, nayo inakaa palepale tunapopigia hodi. Aliyetoka kazini anaambiwa otsukaresama desu, na ndani ya neno hilo umo uchovu wenyewe, tsukare. Ni pole na kazi, haina jina jingine.

Kwa hiyo kesho Canter ikirudi nyuma mbele yako, sogea kwanza. Ikishasimama, mwangalie dereva aliyeanza safari alfajiri, umwambie: "Otsukaresama desu." Akiuliza hiyo ni lugha gani, mwambie ni ya gari lake.