Kivuli cha Kukunja

Sasa tunaletewa Garissa mwavuli wa kukunja, wa kubanwa kwa skrubu kwenye egemeo la kiti cha plastiki barazani. Wazo si baya. Ila upepo ukivuma utaondoka na mwavuli na kiti, na mwenye kiti akiwa mwembamba, naye pia. Mbunifu angewauliza kina mama wa Kisomali: herio yao, nyumba nzima ya fito zilizopindwa na mikeka, hubomolewa ikapakiwa juu ya ngamia, bila skrubu hata moja. Lakini herio haina hataza wala semina ya hotelini. Isitoshe, barazani waheshimiwa wana hema lao. Wananchi wameachiwa jua, na hilo nalo serikali inalivuna Garissa tangu 2019, megawati 50.