Maldivi Bila Kuuza Kiwanja: Mambo Tisa, Kutoka Dogo Hadi Kubwa

Picha ya Maldivi kila mtu anayo kichwani: kibanda cha makuti juu ya maji, ngazi inayoshuka baharini, na bibie mwenye kofia pana kama ungo. Bei ya usiku mmoja kwenye kibanda hicho, ukimwambia mama mkwe, atakuuliza ni kodi ya mwaka au ya mwezi. Picha si ya uongo, ila ni nusu ya nchi. Maldivi ina visiwa vya matumbawe karibu 1,200, na takriban 200 ni vya wananchi wenyewe: wavuvi, walimu, watoto wa shule na paka wengi kupita kiasi. Kwa miaka mingi mtalii alifungiwa kwenye kisiwa cha hoteli, asionane na raia isipokuwa anayemletea taulo. Mnamo mwaka 2009 hivi sheria ikalegezwa, wenyeji wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni vijijini, na kisiwa cha Maafushi, kusini ya mji mkuu Malé, kikawa miongoni mwa vya kwanza kuchangamka.

Huko ndiko tulikokwenda, mimi na mwenzangu. Mimi ni wa Mombasa. Yeye ni wa bara, na bahari huipenda zaidi akiwa ameipa mgongo. Nimemruhusu atie neno pale roho inapomuuma.

9. Kadi ya njano

Viza hailipiwi, unagongewa muhuri wa siku 30 papo hapo uwanjani. Kuna fomu ya mtandaoni iitwayo IMUGA, hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya safari, nayo ni bure. Tovuti yoyote inayokudai hela kwa fomu hiyo, ifunge. Kinachowakwamisha watu wa kwetu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya au Uganda hudaiwa, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo kukimbilia kliniki mkesha wa safari ni kujisumbua.

Mwenzangu: "Changu nimekihifadhi mahali salama kabisa."
Mahali gani?
"Ndani ya lile begi kubwa."
Lile ambalo limeshapita kwenye mkanda na kuelekea tumboni mwa ndege?
"Salama kabisa."

8. Kinywaji

Hakuna. Msafiri haruhusiwi kuingia nchini na pombe wala nyama ya nguruwe, na mabegi hupitishwa kwenye mashine uwanjani. Chupa uliyonunua njiani Dubai au Doha itawekwa pembeni hadi utakapoondoka. Visiwa vya hoteli vina ruhusa ya kuuza, vijiji havina. Kwa wanaoshindwa kabisa, mbali kidogo na Maafushi hutia nanga chombo chenye baa, na mashua huwapeleka watalii na kuwarudisha.

Mwenzangu: "Kumbe huku hata dhambi ina nauli."

Hatukuipanda. Tulihesabu tulichookoa, kikatosha safari ya papa ya namba tatu.

7. Feri ya mbao

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Hulhulé, na tangu mwaka 2018 daraja limekiunganisha na Malé, kwa hiyo unavuka kwa basi. Kutoka Malé una njia mbili. Boti ya kasi hufika Maafushi kwa nusu saa na ushee, nayo hutoza makumi ya dola kwa wawili. Feri ya umma huchukua saa moja na nusu hivi kwa dola chache tu. Ndani ya feri hiyo utakuta magunia ya vitunguu, friji iliyofungwa kamba, mwanafunzi anayesinzia juu ya daftari, na bibi mmoja atakayekutazama mpaka umsalimie. Ukisema "Asalaam aleikum" benchi zima linaitikia, na hapo ndipo mtalii anapogeuka kuwa mgeni wa watu.

Tatizo ni kwamba feri haijali ndege yako imetua saa ngapi. Ukifika usiku, umeshalala Malé.

Njiani nilimdokeza mwenzangu kwamba gereza kubwa la nchi liko hukohuko Maafushi.
"Umenileta fungate kwenye kisiwa cha jela?"
Miaka yote hii ya ndoa, wewe ulidhani uko wapi?

6. Ufuo wenye ukuta

Kijijini mwanamke hatembei na vazi la kuogelea, na mwanamume hapiti dukani kifua wazi. Watalii wametengewa kipande chao cha ufuo kilichozungushiwa uzio, na ubao mlangoni unakieleza. Ndani ya uzio, vaa upendavyo. Nje, jitande khanga. Kwangu mimi halikuwa jambo geni. Wazungu ndio walioonekana wakitafuta taulo kwa kasi pindi wanapokanyaga barabara.

Mchekeshaji wa habari hii ni msafiri wa kale, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, na kufikia 1343 alikuwa Maldivi, wakamfanya kadhi. Aliwakuta wanawake wa visiwa wakitembea bila kufunika sehemu ya juu ya mwili, akaamuru wajisitiri, na ameandika mwenyewe kwamba alishindwa. Katika muda wake huko alioa wake kadhaa, na baadaye akaondoka akiwa amekosana na wakubwa.

Mwenzangu: "Wake kadhaa? Mtu aliyesafiri vile?"
Na wote aliwaacha huko. Usitafute mfano, bwana.

5. Hesabu ya chini ya karatasi

Hapa ndipo ndoa hupimwa. Chumba kimetangazwa dola 50. Mnashangilia. Sasa geuza karatasi. Kwanza huongezwa asilimia 10 ya huduma. Juu ya jumla hiyo hupanda kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Tayari dola 50 zimekuwa 64 na senti. Kisha kuna kodi ya kijani, ya kila mtu kila siku, watoto wachanga tu ndio wanaosamehewa. Kwa nyumba ndogo za wageni vijijini ilikuwa dola 3, na kuanzia Januari 2025 ikapanda hadi 6. Nyinyi ni wawili, kwa hiyo 12. Chumba cha dola 50 kimelala kwenye dola 76. Kwenye hoteli kubwa kodi hiyo ni dola 12 kwa kichwa, mara mbili yenu, jambo ambalo lilitufariji kidogo tu.

Dawa yake: kabla ya kulipia, muulize mwenye nyumba swali moja, "Jumla na kodi zote ni ngapi?" Akikujibu kwa aya ndefu, tafuta nyumba nyingine. Na beba rufiyaa mfukoni. Dola moja ni kama rufiyaa 15, na mkahawa wa wenyeji unaoandika bei kwa rufiyaa karibu kila mara ni nafuu kuliko ule wa ufuoni ulioandika kwa dola.

Mwenzangu: "Kwa nini wanatoza kwa kichwa? Mimi nimelala kwenye kona ya kitanda tu. Robo tatu ulikuwa nayo wewe."

4. Kusi

Watu husema nendeni kati ya Desemba na Aprili, mbingu kavu na bahari shwari. Kweli. Na kila mtu duniani ameshaambiwa hivyo, ndiyo maana bei za miezi hiyo hazishikiki. Sisi watu wa Pwani pepo hizi tunazijua tangu utotoni: kinacholeta majahazi kwetu ni Kaskazi, na kinachoyarudisha ni Kusi. Mfumo ni huohuo unaotawala Maldivi. Kuanzia Mei hivi Kusi huvuma, mvua hunyesha kwa mafungu, bahari huchafuka, na bei za vyumba huinama. Mvua yenyewe mara nyingi humwagika saa moja kwa fujo, halafu jua linarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulichagua Kusi. Siku moja mvua ilitukuta ufuoni, tukajibanza chini ya mwavuli wa makuti pamoja na familia ya Wahindi na jogoo.

Mwenzangu: "Mvua hii ningeipata Limuru bure."
Limuru ina jodari?
Akanyamaza. Jogoo hakunyamaza.

3. Papa

Nyumba nyingi za wageni huuza safari ya nusu siku ya kuogelea na miwani na mrija: kituo kwa kasa, kituo kwenye fungu la mchanga lililo peke yake katikati ya bahari, na kituo kwa papa. Papa hawa ni wale wapole wa kahawia, wanaopenda kulala chini mchangani. Wapole, nimesema. Nahodha alisema hivyohivyo. Mwenzangu alitaka kauli hiyo aipate kwa maandishi.

Niliruka mimi kwanza. Maji ni mang'avu kiasi kwamba kina kinakudanganya. Unadhani utasimama, kumbe mchanga uko mbali chini ya nyayo. Papa mmoja, mrefu kunizidi, alipita chini yangu polepole akiburuza kivuli chake juu ya mchanga, na nyuma yake visamaki vya milia vikimfuata kama... hapana, acha. Vilimfuata, basi. Ngozi yake ilionekana ya kukwaruza, na jicho lake dogo halikunijali hata kidogo. Kudharauliwa na papa ni raha kubwa.

Mwenzangu alibaki kwenye ngazi ya boti, maji magotini, akitoa ushauri. "Usimguse! Usimtazame! Usimpe mgongo!" Nikamuuliza basi nifanye nini. "Panda!"

Kwa mfuko mwembamba: nunueni miwani na mrija nyumbani kabla ya kusafiri, maana kukodi kila siku ni hela. Na ulizeni visiwa ambavyo mwamba wa matumbawe uko karibu na ufuo, mkaogelee wenyewe bila kulipa boti. Msikanyage matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016 limeyaua mengi, yaliyobaki hayahitaji kisigino chako.

2. Kiamshakinywa

Nilijua tumefika salama siku nilipomwona mama mwenye nyumba akivuta kigoda kifupi chenye meno ya chuma mbele, akakikalia, akaanza kukuna nazi. Mbuzi! Mbuzi wa nazi, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Nilitaka kumkumbatia.

Nazi hiyo huchanganywa na jodari aliyechambuliwa, kitunguu kilichokatwa vidogovidogo, pilipili mbichi na ndimu, vyote vikafinywa kwa vidole mpaka vikashikana. Ndiyo mas huni. Huliwa na roshi, chapati nyembamba isiyo na mafuta mengi, na chai. Siku nzima unashiba. Mchana kuna garudhiya, mchuzi mweupe wa jodari usio na makuu: maji, chumvi, samaki, halafu unajiwekea ndimu na pilipili juu ya wali. Alasiri ni zamu ya vitafunio vya mkahawani, vinapangwa mezani sahani kwa sahani na unalipia ulichokula. Hapo ndipo wanandoa wenye hesabu wanapokula: wavuvi pembeni, feni juu, chai ya maziwa mbele.

Mwenzangu aliagiza bajiya akitegemea viazi vya rangi ya manjano. Ikaja ya pembetatu, ndani ina samaki na nazi. Akaitazama, akanitazama.
"Hii ni sambusa imejificha."
Alikula sita.

Shida ni mboga. Ardhi ni mchanga, vitu vingi huja kwa meli, na kachumbari ya nyanya mbili inaweza kukushtua kwa bei yake. Kuleni kilicho chao: samaki, nazi, shelisheli, ndizi, madafu.

1. Ijumaa

Wikendi ya Maldivi ni Ijumaa na Jumamosi. Alhamisi usiku ngoma ya boduberu ililia uwanjani. Wanaume wamekaa chini, ngoma mapajani, mwendo unaanza wa mazishi na kumalizikia wa harusi. Wenyeji husimulia kwamba asili ya ngoma hiyo ni Afrika, ilikuja na watu wetu, wengine mabaharia na wengine watumwa. Mwenzangu, ambaye harusini kwetu alicheza kwa kulazimishwa, aliinuka bila kuitwa. Wazee walimpigia makofi. Sitaeleza alichocheza, kina jina lake huko kwao.

Kesho yake hapakuwa na kitu. Maduka yalifungwa mchana kwa ajili ya sala, safari za boti zikapungua, feri ya umma haikufanya kazi. Hapakuwa na cha kununua, cha kupanda wala cha kupangia foleni. Tulikwenda gatini tukakaa kwenye joali, vile viti vya fremu ya chuma na wavu wa kamba vilivyopangwa chini ya miti, ambavyo ni vya kila mtu na havilipiwi. Mzee mmoja alitukaribisha tambuu. Tukazungumza, mimi na mwenzangu, tangu adhuhuri mpaka magharibi, mambo ambayo nyumbani huahirishwa kwa sababu ya foleni za barabarani, watoto na taarifa ya habari. Ndiyo iliyokuwa siku ya bei rahisi kuliko zote, na kama ningeambiwa nichague moja tu ya kurudia, papa wangenisamehe.

Mwenzangu: "Andika kwamba nilikuwa mchangamfu."
Alilala saa mbili kati ya hizo.

Basi mkienda, pangeni Ijumaa iangukie katikati ya likizo, isiwe siku ya kuondoka: feri hamtaipata, na boti ya kasi itameza yote mliyookoa kwenye sahani za mas huni.