Farasi wa Sebuleni
Huko Marekani, ambako chama mashuhuri cha wenye farasi wadogo hakimwandikishi mnyama aliyepita inchi 34 kwa kimo, yuko muungwana aonaye fahari kununua kitoto cha farasi hao chenye tumbo la minyoo na mbavu za kuhesabika, akakitandikia zulia, akakishonea koti la sufu, na kukilisha biskuti kwa mkono wake mtukufu, ilhali tabibu wa wanyama, maskini, aombacho ni kinyesi kidogo tu akitazame kwa hadubini. Kikisusa kula, mafuta hufurika damuni, na roho i mashakani. Kikivimbiwa nafaka, kwato huwaka moto. Na meno, jamani! Yakitimia, idadi yake ni ile ile ya farasi jamii, yote yabanana katika kitaya hicho. Bwana, lakini, amekwisha kumwita mpiga picha.