Namna ya Kumwandika Mgonjwa kwa Kalamu ya Dijitali, Msangeni

Hakikisha kalamu ina chaji. Umeme ukikatika Ugweno, na ukungu umeshuka hadi dirishani hata sola imelala, iweke kalamu kando, chukua Bic, uendelee. Mwongozo wa kiwandani unaishia hapo. Huu wetu ndipo unapoanza.

Kalamu yenyewe si uchawi. Karatasi yake imechapwa vinukta vidogo mno, jicho huona kijivu tu. Kamera iliyo karibu na ncha huvisoma, ikajua uko ukurasa gani na mstari upi. Kampuni ya Anoto ya Uswidi ndiyo iliyoueneza utaalamu huo. Kwa hiyo ule mwandiko ambao mtoa dawa aliuelewa kwa kukisia, sasa utafika mpaka wilayani Mwanga, bila kupungua hata herufi.

Kwenye jina, usiulize sana. Andika "Msuya", basi. Huku milimani akina Msuya si wengi, labda kijiji na nusu. Bibi akisema, "Mwanangu, mimi ni yule wa presha, siyo wa sukari," mwitikie kwa adabu, "Sawa, bibi," kisha umwandike sukari. Dozi nayo iandike mbiombio: 2x3x5, ile 5 ifanane na S. Mashine itajaza yenyewe.

Nywila? Iandike kwenye plasta, uibandike chini ya skrini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, lakini plasta tulikuwa nazo kabla.

Ukimaliza, usinyanyuke. Kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje, kinakusubiri. Kile kipana ambacho ukikifunua kikombe cha chai kinakosa pa kukaa. Halafu mfumo wa GoTHOMIS kwenye kompyuta, mtandao ukiamka. Mgonjwa mmoja mwenye mafua ameandikwa mara tatu, na foleni ya benchi imeshafika mlangoni. Mwisho wa mwezi chora vijiti vyako vitano vitano, ujumlishe. Hesabu za kalamu, kitabu na kompyuta zikigoma kulingana, peleka ya kitabu. Ndiyo yenye muhuri.

Sina ugomvi na kalamu. Ila ninyi mnaotuletea, tunawaomba: siku mnayopanda nayo huku juu, mkishuka ondokeni na kitabu kimoja.