Shikamoo ya Magurudumu Mawili

Uchochoro wetu hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, haufiki pima moja. Najua kwa sababu nimeupima mwenyewe, usiku, watu wamelala: kidole cha kulia kiligusa ukuta wa jirani, na kushoto kiwiko kikagota kabla mkono haujanyooka. Humo ndimo tunamopita mie, mke wa jirani na kikapu chake, hamali na gari lake la mkono, mgeni anayeburura begi akitafuta hoteli yake kwa mara ya tatu, na vespa.

Kinachoniudhi si vespa hasa. Ni adabu yake. Kijana anachomoza konani, kidole kimemganda kwenye honi, nyuma kafunga godoro la tano kwa sita, na badala ya kushika breki ananiamkia: "Shikamoo, babu!" Sasa nifanyeje? Nisipoitika, mtaa mzima utasema mzee kaota kiburi. Nikisimama kuitika, godoro linanipitia. Basi nimejifunza kuitika kwa mafungu: "mara" nikiwa chini, "haba" nikiwa juu ya baraza ya watu.

Waliojenga mji huu walijua wanachokifanya. Nyumba ndefu, njia nyembamba zenye kupinda, jua la Kaskazi halioni chini mpaka saa sita, kivuli cha bure karibu kutwa nzima. Na baraza za mawe kila mlango: za kupumzikia, za kunywea kahawa, na wakati wa Masika, maji yakijaa njiani, za kupitia bila kulowesha kanzu. Huko Barcelona siku hizi wanahangaika kuyapunguza magari mitaani ili watu watembee, na dunia inawapigia makofi. Sisi tulirithi mji wa miguu uliokwisha kujengwa, UNESCO wakautia katika urithi wa dunia mwaka 2000, nasi tukaupandisha vespa.

Nakumbushwa kuwa hatukuanza leo. Mwaka 1905 Wamarekani walituletea gari la moshi la Bububu, likipita Malindi katikati ya nyumba za watu, moshi unaingia madirishani. Kweli. Lakini lile lilikuwa na reli, bwana! Ulijua litapita wapi.

Tuseme nimenusurika, nimefika Darajani. Soko limejengwa 1904, halina neno, shida ni kuvuka barabara kwenda Michenzani. Wadogo hawajui kwamba jina lile lilikuwa na daraja kweli: pale paliingia mkono wa bahari, mji huku, Ng'ambo kule, na watu wakivuka juu ya maji. Maji yakafukiwa, daraja likaondoshwa kwa kuwa halina kazi tena. Halafu ukaletwa mto wa daladala. Mistari myeupe ya kuvukia imechorwa, sikatai, ila naona madereva wanaidhania pambo lililobaki la sherehe. Juzi nimesimama pale na papai langu mpaka nikahisi linaiva. Aliyenivusha ni mbuzi. Yeye aliingia barabarani bila kutazama kushoto wala kulia, magari yote yakafunga breki, nami nikamfuata nyuma kama mwenye mali.

Nikirudi Kiponda ni ile ile, honi, shikamoo, baraza. Mwenye baraza ninayoirukia ni muungwana, hajanifukuza hata siku moja. Kwa siku napanda mara nne, mara tano, mkate kwapani na roho mkononi. Wacheza bao wa pale wamenizoea, wananisogezea nafasi kabla honi haijafika. Muuza kahawa naye akaanza kunimiminia, na mie, kwa kuwa ndiyo kwanza nimeponea chupuchupu, nanywa.

Jana usiku mweka hazina wao kanifuata mpaka mlangoni na daftari. Nadaiwa mchango wa kahawa wa miezi miwili.